Pampu ya Maziwa na Saa Mbili za Mama



Twaanza kwa kuungama. Miaka miwili iliyopita, katika Siku ya Wanawake ya mwezi Machi, tulialikwa kwenye kiwanda kimoja kilichomo ndani ya mipaka ya parokia yetu, hapa Dar es Salaam, ili tubariki zawadi. Juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe zilipangwa pampu ndogo za umeme za kukamulia maziwa ya mama, kila moja ndani ya sanduku lake, na akina mama wanaonyonyesha wakaitwa mmoja mmoja kuja kupokea. Meneja alitoa hotuba nzuri. Wapiga picha walikuwapo. Nasi tukanyunyiza maji ya baraka, tukapiga makofi, tukanywa soda, tukarudi nyumbani tukiwa na moyo mweupe.

Wiki sita baadaye mmoja wa akina mama wale, mwanajumuiya wetu, akaja ofisini kuomba nauli ya kurudi hospitali. Mtoto wake wa miezi mitatu alikuwa ameharisha kwa siku nne. (Mtoto alipona; twalisema mapema ili asiwepo msomaji wa kusoma yanayofuata kwa hofu.) Mama hakuja kumlalamikia mtu. Alikuja ameinamisha kichwa, kwa sababu huko alikotibiwa mtoto aliambiwa mbele ya foleni nzima kwamba ugonjwa ule umeletwa na uchafu wake yeye: pampu anayo, na vyombo hachemshi. Kama kweli ni pampu iliyomwuguza mtoto au ni jambo jingine, hakuna aliyepima. Lakini alipotusimulia jinsi alivyoishi na pampu ile kwa wiki sita, tulitambua kwamba aibu aliyoibeba haikuwa yake peke yake, na sehemu yetu tuliikuta humo.

Kabla ya zawadi, mdogo wake alikuwa akimleta mtoto langoni saa sita mchana, mama akatoka, akanyonyesha chini ya mwembe, akarudi kazini. Baada ya zawadi, msimamizi wa zamu alimwambia: sasa unayo mashine, ya langoni basi, dakika kumi zatosha. Mahali pa kukamulia hapakutengwa, basi akakamulia chooni. Bomba la chooni siku nyingine hutoa maji, siku nyingine hutoa hewa. Akavisuuza vyombo pale pale, akavifuta kwa kanga, akavifunga ndani ya mfuko wa plastiki, na saa tisa akavitumia tena. Nyumbani alifika saa mbili usiku. Maji ya mtaani kwake hununuliwa kwa dumu, na mkaa hununuliwa kwa kopo. Ulipobaki moto baada ya kupika, alichemsha. Usipobaki, alimwachia Mungu.

Wapo watakaocheka wakisikia kwamba padre ameandika kurasa nzima juu ya pampu ya maziwa. Na wacheke. Sisi hatujapata kunyonyesha wala hatutapata, lakini pampu zile tulizibariki bila kuuliza swali hata moja, na abarikiye bila kuuliza hubaki na deni la kuuliza baadaye. Tangu hapo tumewauliza wauguzi na wakunga, tumekaa na akina mama wa WAWATA, tumesoma maelekezo ya wataalamu. Tuliyojifunza ni haya.

Kuosha si jambo la hiari

Kwanza tuseme wazi, asije mtu akadhani kwamba twawatetea akina mama kwa kuwahalalishia njia ya mkato. Vyombo vya kukamulia maziwa lazima vioshwe, na vioshwe barabara. Maziwa ni chakula cha mtoto, na ni chakula cha vijidudu vile vile. Tone linalobaki katika kona ya vali, katika joto hili letu la pwani, hugeuka shamba lao kwa muda wa saa chache, na jicho haliwezi kuliona. Chombo kung'aa si dalili ya chombo kuwa safi.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mama anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kitu chochote. Akisha kukamua, aifungue pampu yote, kila kipande kilichogusa ziwa au maziwa kikae peke yake: kile kikombe kinachoshika ziwa, vali, utando wa mpira, chupa na kifuniko chake. Avisuuze kwa maji safi ili maziwa yatoke kabla hayajakauka. Kisha avioshe kwa maji ya moto na sabuni ndani ya beseni ambalo kazi yake ni hiyo tu, kwa brashi ambayo kazi yake ni hiyo tu. Si ndani ya sinki, wala ndani ya karai la kufulia nepi, wala kwa dodoki lililosugua sufuria ya ugali. Avisuuze tena, avianike juu ya kitambaa safi mahali pasipo vumbi wala nzi, vikauke vyenyewe kwa hewa. Asivifute kwa kanga wala kwa kitambaa cha vyombo, maana kwa kufanya hivyo huvirudishia uchafu aliokwisha kuuondoa. Beseni na brashi navyo huoshwa na kuanikwa. Na chombo kisifungiwe ndani ya mfuko hali kingali na unyevu. Unyevu uliofungiwa ndio kitalu cha vijidudu na ukungu.

Hayo ni kila baada ya kukamua. Kuchemsha kwaja juu ya hapo, angalau mara moja kwa siku, na hasa kama mtoto hajatimiza miezi miwili, au alizaliwa njiti, au mwili wake umedhoofishwa na maradhi. Vipande vilivyokwisha kuoshwa hutiwa sufuriani, hufunikwa kabisa na maji, na maji yakianza kutokota huhesabiwa dakika 5. Huopolewa kwa koleo safi, si kwa vidole. Kuchemsha chombo kisichooshwa ni kazi bure, maana maziwa yaliyoganda huwaficha vijidudu wasifikiwe. Mota haiingii majini kamwe. Mrija wa hewa haukuwekwa kwa ajili ya kupitisha maziwa, nao hauhitaji kuoshwa kila mara. Lakini ukionekana una ukungu ndani, hutupwa, hakuna dawa nyingine. Tena, si kila plastiki yavumilia moto, hivyo yapasa kusoma maelezo ya mtengenezaji kabla ya kuitia sufuriani. Maelezo yaliyomo katika masanduku tuliyoyabariki yalikuwa ya Kichina na ya Kiingereza. Hakuna aliyeona haja ya kuyaweka katika lugha ya mwenye kuitumia pampu, nasi tulioshika kopo la maji ya baraka hatukufungua sanduku hata moja kuangalia.

Asije mtu akadhani kwamba hatari hii ni ya nyumba maskini tu. Mwaka 2016, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, mtoto aliyezaliwa njiti alipatwa na ugonjwa mkali wa bakteria aitwaye Cronobacter, ambaye hushambulia damu na utando wa ubongo. Wachunguzi wakamkuta bakteria huyo katika pampu ya mama na katika sinki la jikoni nyumbani. Mama yule hakuwa mvivu. Vyombo vyake aliviloweka kwa saa kadhaa katika maji ya sabuni, akavisuuza, akavianika. Kilichokosekana ni kusugua na kuchemsha. Mtoto aliokoka, akabaki na ulemavu. Mwaka uliofuata, 2017, taasisi ya afya ya serikali ya nchi hiyo iitwayo CDC ilitoa maelekezo ya kuosha pampu, na mengi tuliyoyaandika hapo juu yametoka humo. Nao ni watu ambao wengi wao hufungua bomba, yakatoka maji ya moto.

Kwa maji ya nani, kwa mkaa wa nani?

Basi tumrudie mama yetu, ambaye kwake bomba halipo. Tuliwaomba akina mama watatu wa WAWATA waje jikoni kwa parokia na pampu ya aina ile ile, wafuate utaratibu wote neno kwa neno kwa siku moja: kukamua mara tatu, kuosha mara tatu, kuchemsha mara moja. Dumu la lita 20 liliisha kabla ya siku kwisha. Na kila safari ya kuosha, tangu kunawa mikono hadi kuanika, ilikula muda ambao msimamizi wa zamu hakuuweka katika dakika kumi zake. Tena wenyewe walikuwa wamesimama katika jiko lenye meza, maji karibu, na hakuna aliyekuwa akiwagongea mlango.

Twawaheshimu sana wauguzi wetu, nao wamezidiwa kazi. Lakini neno "chemsha" si agizo jepesi. Ndani yake mna maji, mna mkaa, mna sufuria ya pekee, mna saa nzima ya mwanamke aliyesimama kutwa kwenye mashine. Daktari akimwandikia mgonjwa dawa, humwuliza kama anazo fedha za kuinunua, au humpeleka dirishani kuichukua. Agizo la kuchemsha hutolewa bila swali lolote, kana kwamba maji na moto huota nyuma ya kila nyumba. Na mtoto akiugua, hesabu yote humwangukia mama. Aliyempa pampu bila chumba halaumiwi. Aliyemnyang'anya saa ya langoni halaumiwi. Mtaa usio na maji hauna jina la mtu wa kulaumu. Mama jina lake limo katika kadi ya kliniki.

Kwa kuwa njia nyoofu ni ya gharama, njia za mkato zimekuwa nyingi, na kila mmoja wa wanaouza amejipatia yake. Yupo auzaye ile pampu ya zamani yenye mpira wa kubinya kama honi ya baiskeli. Ni ya bei nafuu, na ni ya kuepukwa kuliko zote, maana maziwa hupanda hadi ndani ya mpira ambamo hakuna brashi iingiayo. Wapo wauzao pampu za mtumba. Pampu iliyotengenezwa kwa ajili ya mama mmoja, maziwa yaweza kuwa yamekwisha kupenya hadi kwenye mota yake, na kuchemsha vikombe vyake hakuwezi kufika huko. Iliyomtumikia mama wa ng'ambo haijui kusahau. Na kiwandani kwetu, wale ambao siku ya zawadi masanduku yaliisha kabla ya majina yao kuitwa, walianza kuazimana pampu moja watu watatu. Tukiulizwa kama tulijua, tutajibu kwamba hatukujua. Hilo nalo si jibu la kujivunia.

Wengine husema: basi, kama pampu ni hatari, mtoto apewe maziwa ya kopo. La hasha! Hapo ndipo tusipotaka msomaji wetu afike. Unga wa maziwa ya kopo hauuzwi ukiwa umesafishwa vijidudu vyote. Cronobacter yule yule wa Pennsylvania ameshakutwa humo mara nyingi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2007, liliagiza unga huo ukorogwe kwa maji yenye joto lisilopungua nyuzi 70, yaani maji yaliyochemka muda si mrefu. Chupa na chuchu zake huoshwa na kuchemshwa vile vile. Basi mama asiye na mkaa wa kuchemshia pampu ataupata wapi wa kuchemshia chupa pamoja na maji ya kukorogea, na fedha ya kununulia kopo juu yake? Kumtoa kwenye pampu na kumpeleka kwenye kopo ni kumwongezea mzigo na kumpunguzia mtoto kinga aliyopewa bure.

Na wapo wazee wetu wasemao kwamba zamani mama zetu hawakuchemsha kitu, nasi tukakua. Ni kweli hawakuchemsha, kwa kuwa walitunyonyesha. Ziwa la mama halichemshwi. Mtoto alikwenda shambani mgongoni, akilia akashushwa, akinyonya akarudishwa. Hakuna aliyemtenga na mama yake kwa saa kumi na nne kisha akaleta chombo cha plastiki kuziba pengo. Kila tunachokisema juu ya beseni, brashi na dakika 5 za kutokota kimezaliwa na utengano huo, na aliyeuleta ndiye apaswaye kuubeba.

Kabla hatujafika kwake, neno moja la msaada. Mama asiye na pampu, au ambaye pampu yake haiwezi kuoshwa inavyopasa, anayo njia ambayo wakunga huifundisha bure: kukamua kwa mkono. Anawe mikono kwa sabuni. Achukue kikombe chenye mdomo mpana kilichooshwa na kuchemshwa. Aweke kidole gumba juu ya ziwa na vidole vingine chini, pembezoni mwa lile duara jeusi. Asukume kuelekea kifuani, kisha abane na kuachia, akizungusha vidole hadi sehemu zote zimekamuliwa. Isiume, ikiuma, vidole vimekaa vibaya. Mtoto naye apewe maziwa hayo kwa kikombe kidogo, wala si kwa chupa, kwani kikombe hakina kona ya kuficha uchafu. Mrija hakuna, vali hakuna, mota hakuna. Sufuria yaweza kuwa ndogo. Lakini kukamua hivyo kwa utulivu huchukua dakika 20 hadi 30, na utulivu haupatikani chooni. Maziwa yenyewe, yawe ya pampu au ya mkono, wataalamu huruhusu yakae nje saa 4 tu, tena mahali pasipozidi joto la nyuzi 25. Nani kati yetu anayo Dar es Salaam ya nyuzi 25 mchana wa Februari? Bila sanduku la barafu au jokofu, maziwa ya saa sita hayafiki nyumbani salama saa mbili usiku, hata kama vyombo vilichemshwa na malaika.

Sheria ilikwisha kusema

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kisha yasema kwamba mwajiri atamruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Sheria haikusema "au ampe mashine". Haikusema dakika kumi. Mama wa langoni chini ya mwembe hakuwa akifadhiliwa na mtu. Alikuwa akitumia haki yake, tena kwa uchache. Siku ile ya makofi na soda, alichopewa mkononi kilikuwa cha thamani ndogo kuliko alichonyang'anywa, na sisi tulisimama katikati tukinyunyiza maji.

Tufanye hesabu. Wataalamu wa afya ulimwenguni hutaka mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, ambayo ni kama siku 180. Likizo ni siku 84. Sheria yamruhusu mama kuianza wiki nne kabla ya siku anayotazamiwa kujifungua. Akifanya hivyo kwa kuchoka au kwa ushauri wa daktari, na mtoto akaja kwa siku yake, basi anarudi kazini mtoto akiwa na siku 56. Hajatimiza miezi miwili. Ndio umri ule ule ambao maelekezo husema vyombo vichemshwe kila siku bila kukosa. Kwa hiyo pampu hukabidhiwa mama wakati mtoto yu dhaifu kupita nyakati zote, na wakati mama hana hata nusu saa. Kati ya siku ya 56 na siku ya 180, ama saa mbili za sheria zitatolewa, ama mtu atachemsha. Hakuna njia ya tatu.

Twakiri kwamba sheria yetu ina upungufu. Imetaja saa, haikutaja chumba. Jirani zetu wa Kenya walifanya kinyume chake: Sheria yao ya Afya ya mwaka 2017 inawaagiza waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea na kukamulia, penye mahali pa kunawia mikono, jokofu au kifaa kingine cha kupoozea, umeme wa pampu, meza ndogo na viti vya starehe, na ikasema waziwazi kwamba mahali hapo pasiwe chooni. Muda waliotoa ni mfupi kuliko wetu, usiozidi saa moja katika siku ya kazi ya saa nane. Wao wana chumba na saa moja, sisi tuna saa mbili na mwembe. Angekuwapo mbunge mwenye kuyaunganisha mawili hayo, kijitabu hiki kingekuwa kifupi zaidi.

Mwajiri atajibu kwamba saa mbili za kila mama zitamfilisi. Jibu hilo tumelisikia, na hatulidharau, maana tumewaona wenye viwanda wadogo wakihangaika kweli. Lakini ni akina mama wangapi wanaonyonyesha kwa wakati mmoja katika kiwanda, na ni kwa miezi mingapi? Na yule aliyekosa kazini siku nne mfululizo akiwa amemshika mtoto hospitali, saa zake ni za nani? Mwajiri aliyeweza kununua pampu, kuandaa karamu na kuita wapiga picha, aliweza pia kununua beseni, kutenga chumba cha stoo na kuweka kufuli ndani ya mlango.

Tukisema hayo yatupasa tujitazame na sisi. Kanisa ni mwajiri. Tuna shule, tuna zahanati, tuna vituo vya watoto, tuna ofisi na majiko, na sheria ile haikutufanya sisi kuwa tofauti na mwenye kiwanda. Mfanyakazi wa ndani katika nyumba ya mtu pia imo. Mpishi wa nyumba yetu ya mapadre alirudi kazini mtoto akiwa na wiki kumi. Alitupikia asubuhi, mchana na jioni, akatuchemshia maji ya kunywa kila siku. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza mtoto yuko wapi, ananyonya saa ngapi. Tulikuja kuuliza baada ya pampu kututia aibu, na tukaambiwa kwamba mtoto ameshaachishwa.

Juu ya chooni hatuna maneno mengi. Mwezi Januari mwaka 2014, akibatiza watoto katika Kikanisa cha Sisto, Roma, marehemu Baba Mtakatifu Fransisko aliwaambia mama zao wawanyonyeshe pale pale kama watoto wana njaa. Pale, chini ya michoro ya Michelangelo, hakuona aibu. Sisi tumeona choo cha kiwanda kuwa ndicho mahali pa heshima. Tungependa kujua ni meneja gani awezaye kula chakula chake cha mchana humo.

Tume yetu imemwandikia mwenye kiwanda barua mbili. Tumeomba saa mbili za sheria zirudishwe, na mtoto akiletwa langoni mama aitwe bila kunung'unikiwa. Kwa wale ambao watoto wao wako mbali, kitengwe chumba kisicho choo, chenye maji, sabuni, jiko la umeme la sahani moja, sufuria yenye kifuniko na sanduku la barafu. Na maelezo ya pampu yafasiriwe kwa Kiswahili yabandikwe ukutani. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa simu, kwamba jambo linashughulikiwa. Nyumbani kwetu, chumba kilichokuwa cha magazeti ya zamani kimefagiliwa, kina beseni na sufuria yake, na ufunguo anao mpishi, si paroko.

Mama yeyote wa parokia hii aliyenyimwa saa zake za kunyonyesha na aje ofisini siku ya Jumanne au Alhamisi jioni. Alete mkataba wake kama anao, hata kama ni karatasi ya mkono, na aandike tarehe aliyokatazwa na jina la aliyemkataza. Asikawie: malalamiko ya namna hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, na kama ameachishwa kazi, ndani ya siku 30. Fomu zipo kwetu, na yupo mwanasheria wa kujitolea wa kuzijaza pamoja naye. Mtoto na aje naye. Kiti cha kunyonyeshea kipo.